Haki ya Chombo Kilichokwisha Kazi

Kila chombo alichokiunda mwanadamu hupita katika nyakati tatu. Wakati wa kwanza hutamaniwa kabla hakijawa. Wakati wa pili hutumiwa mpaka watu husahau kuwa kiliwahi kutamaniwa. Na wakati wa tatu huwekwa kando kwa sababu kimetokea kingine kilicho bora zaidi. Katika nyakati mbili za kwanza hapana shaka juu ya wajibu wa mwenyewe: chombo kinachotamaniwa hutafutwa, na chombo kinachotumiwa hutunzwa. Shaka huzuka katika wakati wa tatu. Jembe lililolika hutupwa pasipo mtu kukosa usingizi, na chungu kilichopasuka huachwa jaani. Lakini viko vyombo ambavyo vilipokwisha kazi viliwagawanya watu, wengine wakitaka vivunjwe, wengine wakiwa tayari kuvitolea jasho na mali ili vibaki. Injini ya mvuke na reli zilizoibeba ni vyombo vya aina hiyo.

Swali basi ni hili: je, chombo kilichokwisha kazi kina haki yo yote juu ya watu waliokitumia? Na kama hakina, ni kwa nini baadhi ya watu huona uchungu kinapoyeyushwa, na je, uchungu huo ni wa hekima au ni wa kitoto? Swali hili si la mafundi peke yao. Aamuaye jambo gani la kale likae na lipi lipotee huamua pia jambo gani watoto wa kesho watalijua na lipi hawatalijua. Hayo ni mamlaka makubwa, na mamlaka makubwa hayafai kutumiwa pasipo kufikiri.

Asili ya reli ni ya kale kuliko mvuke. Katika machimbo ya Ulaya farasi na watu walivuta magari juu ya njia za mbao, kisha juu ya njia za chuma, kwa karne nyingi kabla moto haujatiwa chini ya maji ili kazi yao ipunguzwe. Siku ya tarehe 21 Februari 1804, huko Penydarren katika Wales, injini ya Richard Trevithick ilivuta tani 10 za chuma, magari 5 na watu kiasi cha 70, mwendo wa zaidi ya maili 9, kwa muda wa saa 4 na dakika 5. Mtu mwenye afya angeweza kufika kwa miguu mapema zaidi. Tena uzito wa injini ulivunja reli, kwa kuwa zilikuwa za chuma cha kusubu na ziliundwa kwa ajili ya kwato za farasi na magari mepesi. Kwa macho ya mwenye mali, jaribio lile lilikuwa hasara. Injini ile haikuhifadhiwa, na hapana aliyeona dhambi kwa kutoihifadhi.

Baada ya miaka kumi hivi, katika machimbo ya makaa ya mawe ya Wylam, William Hedley aliunda injini iliyoitwa Puffing Billy. Hiyo ipo hata leo katika jumba la makumbusho mjini London, nayo ndiyo injini ya reli kongwe kuliko zote zilizobaki duniani. Yafaa kutazama sababu ya kubaki kwake. Haikubaki kwa kuheshimiwa, bali kwa kufanya kazi. Iliendelea kuvuta makaa mpaka mwaka 1862, na kufikia mwaka huo dunia ilikuwa imeanza kufahamu kwamba jambo lililoanzia katika vijiji vya wachimbaji lilikuwa limegeuza maisha ya mataifa. Kama ingaliharibika miaka thelathini mapema, yamkini ingaliyeyushwa. Hivyo thamani ya chombo haionekani siku kinapokufa. Huonekana baadaye, na mara nyingi wakati huo chombo chenyewe hakipo tena.

Hapa pana shauri la kwanza kwa upande wa kuhifadhi, nalo si dogo. Aliyehifadhi kwa makosa anaweza kusahihisha kosa lake kesho, maana chuma kilichohifadhiwa leo kinaweza kuyeyushwa mwakani. Aliyeyeyusha kwa makosa hana kesho ya kusahihisha. Makosa haya mawili hayalingani, na mtu mwenye busara akiwa katika shaka huchagua kosa linaloweza kurudiwa. Walakini shauri hili likiachwa peke yake hushinda kupita kiasi. Lingemfanya mtu asitupe kitu cho chote, hata nyumba ikajaa na wenyewe wakalala nje. Kwa hiyo lazima liwekewe mipaka, na mipaka hiyo haiwezi kupatikana ila kwa kuwasikiliza kwanza wale wanaopinga.

Mpinzani wa kwanza husema kwa sauti ya mwenye njaa. Yeye hushika methali isemayo: mla ni mla leo, mla jana kala nini? Husema kwamba chuma ni chuma. Tani mia za injini iliyokufa zaweza kuwa majembe, nondo za shule na vitanda vya hospitali. Husema tena kwamba mapenzi ya vitu vya kale ni starehe ya mataifa yaliyoshiba, na kwamba nchi ambayo watoto wake husoma chini ya mti haina ruhusa ya kujenga paa juu ya injini. Maneno haya hayafai kudharauliwa. Asiyeona uzito wake hajapata kuchagua kati ya haja mbili kwa mkoba mmoja.

Zipo nchi zilizomfuata mpinzani huyu, si kwa kushauriana naye bali kwa kutofikiri. Kisiwa cha Unguja kilipata reli kabla ya nchi nyingi za Afrika ya Mashariki. Seyyid Barghash, aliyetawala kutoka mwaka 1870 mpaka 1888, alijenga reli ndogo kutoka mjini kwenda kwenye jumba lake la Chukwani. Kwanza magari yalivutwa na nyumbu, kisha ikaletwa injini ndogo ya mvuke. Baada ya kufa kwake reli ile iling'olewa. Mwaka 1905 kampuni ya Kimarekani ya Arnold Cheney ilijenga reli nyingine ya maili 7 kutoka mjini hadi Bububu. Gari la moshi lilipita katika njia nyembamba za mji, karibu na milango na vibaraza vya nyumba, hata aliyekuwa kibarazani alihitaji kuvuta miguu yake. Serikali iliichukua reli hiyo mwaka 1911, na katika miaka ya 1920 motokaa ziliishinda nayo ikafikia mwisho wake.

Je, Unguja ilipungukiwa na nini? Hapana mtu aliyekufa njaa kwa sababu reli ya Bububu haikuhifadhiwa. Biashara haikusimama, na motokaa ziliwafikisha watu Bububu upesi zaidi. Kwa mizani ya mpinzani, hasara haipo. Lakini iko hasara isiyopimwa kwa mizani ile. Husikika maelezo kwamba kijiji cha Bububu kilipewa jina lake kwa mlio wa gari la moshi. Maelezo hayo ni matamu, na msikiaji huyakubali kwa urahisi, maana sikio lake husikia injini ndani ya jina. Hata hivyo si ya kweli. Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said, alikuwa na makazi Bububu kabla ya kuondoka Unguja mwaka 1866, naye ameutaja mji huo kwa jina lake katika kitabu cha maisha yake kilichochapishwa mwaka 1886. Jina lilikuwapo miaka mingi kabla ya injini.

Mfano huu ni mdogo, lakini mafunzo yake ni mawili. La kwanza ni kwamba kumbukumbu haipendi pengo; kitu kikiondoka, hadithi huja kukaa mahali pake, na hadithi haiulizi ruhusa ya ukweli. La pili ni kwamba uongo ule ulisahihishwa kwa sababu kitu kingine, yaani kitabu, kilihifadhiwa. Jamii isiyohifadhi kitu haibaki bila historia, kama wengine wadhanivyo. Hubaki na historia isiyoweza kusahihishwa. Na jamii ya namna hiyo ni rahisi kutawaliwa na mtu ye yote ajuaye kusimulia vizuri. Hiyo ni hasara ambayo hata mwenye njaa hawezi kuipuuza, kwa kuwa mara nyingi njaa yake mwenyewe huelezwa kwa hadithi ya uongo.

Mpinzani wa pili ni mtulivu kuliko wa kwanza, naye husema kwa ulimi wa mwanafalsafa. Huyu hauliza gharama. Huuliza kama kuhifadhi kunawezekana. Katika mji wa Athens wa kale watu walibishana juu ya jahazi la Theseus, lililobadilishwa mbao moja baada ya moja mpaka haukubaki hata ubao wa kwanza. Mwambao wa Afrika ya Mashariki haukuhitaji Wayunani kuleta swali hilo. Kila nahodha aliyerithi chombo cha baba yake alikuwa nalo. Tanga limebadilishwa, mlingoti umebadilishwa, mbao zimebadilishwa, lakini chombo huitwa kwa jina lile lile na hudai mzigo ule ule. Je, ni chombo kile?

Historia ya reli imelijibu swali hili kwa njia mbili zinazopingana. Injini ya Rocket iliundwa na Robert Stephenson mwaka 1829, ikashinda mashindano ya Rainhill mwaka huo huo, na mwaka uliofuata ilikuwapo siku ya kufunguliwa kwa reli ya Liverpool na Manchester, ambapo ilimgonga William Huskisson, mjumbe wa Bunge, naye akafa. Mwaka 1862 iliingizwa katika makumbusho ya London. Imelindwa isishikwe wala isiwashwe moto. Lakini Rocket iliyohifadhiwa siyo Rocket iliyoshinda mwaka 1829, kwa sababu muda mfupi baada ya ushindi mafundi waliibadilisha sana, hata silinda zake zilizokuwa zimeinuka zikashushwa. Mwaka 1979 liliundwa umbo la mfano linalokwenda kwa moto na mvuke, na umbo hilo jipya linafanana na Rocket ya mashindano kuliko Rocket yenyewe.

Kwa upande mwingine iko reli ya Talyllyn katika Wales. Ilifunguliwa katika miaka ya 1860 kwa ajili ya kuchukua mawe ya kuezekea kutoka machimbo ya Bryn Eglwys hadi Tywyn. Machimbo yalifungwa mwaka 1946, na mwenye reli, Sir Henry Haydn Jones, akafa mwaka 1950. Hapakuwa na sababu ya biashara iliyoitaka reli ile iendelee. Katika mwaka huo huo wapenzi wake, mmoja wao akiwa mwandishi L. T. C. Rolt, waliunda chama, na mwaka 1951 wakaanza kuendesha magari kwa kazi ya kujitolea. Talyllyn ikawa reli ya kwanza duniani kuokolewa na watu wasiolipwa mshahara. Injini zake kuukuu, Talyllyn na Dolgoch, bado zinaitwa kwa majina yao, lakini zimetiwa boila mpya na viungo vingi vipya, kwa kuwa chuma kinachokutana na moto na maji hakina budi kuliwa.

Hivyo basi Rocket ina mwili wake lakini haina kazi, na Talyllyn ina kazi yake lakini mwili umebadilika. Mpinzani husema kwamba pande zote mbili zimeshindwa: mmoja umehifadhi maiti, na mwingine umehifadhi jina. Kwa kweli kosa liko katika swali lake. Yeye huchukulia kwamba kila kitu kina kiini kimoja tu, na kiini hicho kikiondoka kitu chote kimeondoka. Lakini kitu hujibu kwa kadiri kinavyoulizwa. Anayetaka kujua chuma cha mwaka 1829 kilifuliwa namna gani hawezi kuelezwa na umbo la mfano. Lazima aiendee Rocket iliyosimama. Anayetaka kujua namna mtia makaa alivyosikia kwa sikio lake kwamba moto umepungua, au namna dereva alivyopima mlima kwa mkono uliokuwa juu ya mvuke, hawezi kuelezwa na chuma kilichosimama. Lazima akiendee chuma kinachokwenda. Mwili wa kitu ni ushahidi wa namna moja, na kazi yake ni ushahidi wa namna nyingine.

Tena ushahidi huu wa pili hufa upesi kuliko wa kwanza. Chuma kikipakwa mafuta na kufunikwa hukaa karne mbili. Maarifa ya mkono hayakai zaidi ya umri wa aliye nayo, asipopata wa kumrithisha. Yameandikwa mengi juu ya injini za mvuke, lakini hapana kitabu kilichoweza kumfundisha mtu kutupa makaa kwenye pembe ya nyuma ya tanuru huku sakafu ikitikisika chini ya nyayo zake. Maarifa hayo hupita kutoka bega hadi bega. Kwa hiyo reli ya kujitolea, hata ikiwa imebadilisha boila zake zote, huhifadhi kitu ambacho makumbusho yenye kufuli haiwezi kukihifadhi. Na umaskini hautoshi kuwa udhuru wa kuliacha jambo hili, kwa sababu kumsikiliza mzee wa karakana na kumpa kijana wa kumfundisha ni nafuu kuliko kujenga jumba.

Mpinzani wa tatu ndiye mkali kuliko wote, na hoja yake haiwezi kujibiwa kwa kugawa maana za maneno. Yeye husema: Mnahifadhi utukufu wa nani? Reli iliyotoka Mombasa ilianza kulazwa mwaka 1896, ikafika mahali palipokuwa Nairobi mwaka 1899, na mwisho wa mwaka 1901 ikafika ukingo wa Ziwa Victoria. Wafanyakazi wapatao 32,000 waliletwa kutoka India kwa mkataba. Hesabu ya serikali ilionyesha kwamba 2,493 kati yao walikufa, na zaidi ya 6,000 walirudishwa kwao wakiwa wagonjwa au wenye vilema. Reli haikujengwa ili wenyeji wasafiri kwa raha. Ilijengwa ili nchi ishikwe. Wanandi waliipinga kwa miaka, wakaondoa nyaya za simu na vyuma vya njia, mpaka mwaka 1905 kiongozi wao Koitalel arap Samoei alipouawa. Ni haki gani basi, huuliza mpinzani, kupaka rangi na kung'arisha chombo kilichotumiwa kuwatia watu chini ya utawala wa wengine?

Uzito wa swali hili huonekana vizuri zaidi katika habari za Tsavo. Mwaka 1898 simba wawili waliwasumbua wajenzi wa daraja la mto huo kwa miezi mingi. J. H. Patterson, aliyesimamia kazi na kuwaua simba hao, aliandika kitabu kilichoenea dunia nzima. Humo alitoa hesabu ya Wahindi walioliwa, akasema walikuwa 28. Na juu ya Waafrika alisema tu kwamba walikuwa wengi, nao hawakuandikwa katika hesabu ya serikali. Katika miaka ya 1920 ngozi za simba ziliuzwa kwa jumba la makumbusho la Field mjini Chicago, zikajazwa na kusimamishwa, na mpaka leo watu huenda kuwatazama. Simba wamehifadhiwa. Majina ya Waafrika waliowalisha simba kwa miili yao hayakuhifadhiwa, kwa kuwa hayakuandikwa tangu mwanzo.

Hapa ndipo kuhifadhi kunapofunuliwa kuwa si tendo jema kwa asili yake. Kuhifadhi ni kuchagua, na anayechagua anaweza kudhulumu. Mwenye jumba huweza kuweka injini iliyong'arishwa, na chini yake kibao chenye jina la kiwanda, mwaka wa kuundwa na uzito wake, asiseme neno juu ya mikono iliyobeba mataruma na kuchoma mawe kwa jua. Kila neno la kibao hicho litakuwa kweli, na kibao chote kitakuwa uongo. Wazee walisema: ukiona vyaelea, vimeundwa. Methali hiyo haikusudii kumfanya mtu astaajabie chombo; yakusudia kuyaondoa macho yake kwenye chombo na kuyapeleka kwa waundaji. Uhifadhi unaosimama kwenye chombo peke yake umeisoma nusu ya methali.

Lakini je, jibu ni kuyeyusha? Mpinzani wa tatu mara nyingi hufikia hapo, na hapo ndipo hoja yake inapomgeukia. Aliyedhulumu hana haja kubwa kuliko kutoweka kwa kifaa cha dhuluma. Injini ikiondolewa, mataruma yakiondolewa, mabehewa yakiondolewa, mjukuu wa aliyedhulumiwa ataonyesha nini atakapoambiwa kwamba mambo yale hayakuwa makubwa kama yasemwavyo? Katika makumbusho ya reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971, lipo behewa ambamo Charles Ryall, ofisa wa polisi, alinyakuliwa na simba huko Kima mwaka 1900. Behewa hilo humkumbuka mtu mmoja mwenye jina. Hata hivyo mtazamaji mwenye fikira, akiwa mbele yake, hulazimika kuuliza: kama bwana mwenye bunduki, ndani ya behewa, hakusalimika, walikuwaje wale waliolala katika mahema ya turubai kando ya njia? Swali hilo halingezaliwa kama behewa lingechomwa. Shahidi aliyesema nusu ya kweli haponywi kwa kuuawa. Hurudishwa mbele ya baraza akaulizwa nusu ya pili.

Ni sawa na injini kubwa za mvuke za daraja la 59, zilizoundwa na kiwanda cha Beyer Peacock mjini Manchester kuanzia katikati ya miaka ya 1950 kwa ajili ya reli za Afrika ya Mashariki. Zilikuwa 34, kila moja na uzito wa zaidi ya tani 250, na zilipewa majina ya milima. Mbili zimebaki Nairobi, nazo huitwa kwa majina ya Gelai na Shengena, ambayo ni milima ya Tanzania. Chuma ni cha Manchester, majina ni ya nchi, na waliokula moshi wake kati ya bahari na ziwa walikuwa madereva, watia mafuta na mafundi waliozaliwa Afrika na Asia. Kuziita injini hizo mali ya mkoloni tu ni kuwanyang'anya watu hao umri wao wote. Mtu aliyeijua injini kwa sauti yake, akaitibu usiku wa mvua ili abiria wafike, hakuwa akimtumikia mkoloni peke yake. Alikuwa akiutumikia ustadi wake, na ustadi ni mali yake asiyoweza kupokonywa na bendera ya ye yote.

Baada ya kuwasikiliza wapinzani watatu, mipaka iliyotafutwa yaweza sasa kuonekana. Kwanza yafaa kukiri kwamba chombo chenyewe hakina haki. Hakioni uchungu kikivunjwa wala hakifurahi kikipakwa rangi. Haki iliyo ndani ya chombo ni haki ya watu, nao ni wa namna tatu. Wapo waliokufa, ambao kazi yao imo ndani ya chuma. Hao hawadai kusifiwa, bali wanadai wasisingiziwe wala wasifutwe. Wapo walio hai, ambao wanadai chakula, dawa na shule kabla ya cho chote kingine, na dai lao ni la haki. Na wapo wasiozaliwa bado, ambao hawawezi kudai kitu, kwa sababu mtu hawezi kuomba kitu asichojua kwamba kiliwahi kuwapo. Kwa kuwa hawana ulimi, walio hai ni mawalii wao. Na walii anayeuza mali yote ya yatima kwa haja ya siku moja hasifiwi hata kama haja ilikuwa ya kweli.

Kutokana na madai hayo matatu hutoka masharti matatu. Dai la walio hai huweka sharti la uchache: visihifadhiwe vyote, bali vihifadhiwe vile ambavyo vikiondoka hakibaki cha kujibu mahali pake. Baraza lililo na mashahidi wawili halihitaji thelathini na wanne. Dai la waliokufa huweka sharti la ukweli: pasihifadhiwe chombo pasipo kuhifadhiwa pamoja nacho habari za waliokijenga, waliokiendesha na waliokandamizwa nacho, na pale ambapo majina hayakuandikwa, kutoandikwa huko kuandikwe, kwa kuwa nako ni sehemu ya historia. Dai la wasiozaliwa huweka sharti la uhai: kihifadhiwe si chuma peke yake bali pia maarifa ya mkono, ili warithi wasipewe kufuli bila ufunguo.

Haifai kudhani kwamba taifa tajiri hutimiza masharti haya kwa utajiri wake. Katika Wales ile ile iliyookoa Talyllyn mwaka 1951, reli ya Swansea na Mumbles, iliyoanza kuchukua abiria wa kulipa nauli mwaka 1807 kwa kuvutwa na farasi, kisha ikatumia mvuke, kisha umeme, ilifungwa mwezi wa Januari 1960 na kung'olewa. Ilikuwa imepita zaidi ya miaka mia na hamsini tangu ilipochukua abiria wa kwanza, na fedha za kuitunza sehemu yake hazikuwa haba katika nchi ile. Lililopungua halikuwa fedha, bali fikira ya wakati ufaao. Nako Talyllyn haikuokolewa na hazina ya serikali, bali na watu waliotoa siku zao za mapumziko. Kwa hiyo mwenye njaa wa hoja ya kwanza hana haja ya kuhofu kwamba kila kilichohifadhiwa kimenyang'anywa kinywani mwake. Kilichohifadhiwa kwa jasho la mwenye kukipenda hakikumpunguzia mtu mkate.

Liko jambo moja ambalo wasemaji wa Kiswahili wamelihifadhi bila chama wala jumba. Mwaka 2017 reli mpya ilianza kuchukua abiria kati ya Mombasa na Nairobi kwa injini za dizeli, na mwaka 2024 treni za umeme zilianza kuchukua abiria kutoka Dar es Salaam. Hapana kuni, hapana makaa, hapana mvuke. Lakini wako wengi ambao wakiziona zinapita bado husema: gari la moshi. Neno limebeba moshi ambao macho hayauoni tena. Mtoto akiuliza moshi uko wapi, ameuliza swali la historia, na mtu mzima aliye karibu naye ana wajibu wa kumjibu. Akiwa na injini ya kumwonyesha na habari za kweli za waliokuwa nyuma ya moshi ule, jibu lake litakuwa elimu. Akiwa hana, atajibu kwa hadithi, na mtoto ataipokea, maana hatakuwa na cha kuipimia.